Jaji Burdick na Watu wa Corbin

Eliakim Burdick alizaliwa awe msaga unga kama baba yake, na angekufa msaga unga kama gogo lisingemwangukia.

Kinu cha maji cha mzee Burdick kilikuwa chini kidogo ya mji wa Corbin, katika vilima vya Vermont. Miaka ile, muda si mrefu baada ya vita vya kumfukuza mfalme, hapakuwa na mtu wa Corbin asiyepita pale na gunia lake la mahindi au la ngano. Wakisubiri zamu, walimsikiliza Eliakim. Kijana alikuwa na mdomo. Alimshawishi mtu kwamba ngano yake ilikuwa bora kuliko ya jirani, kisha akamgeukia jirani akamshawishi kinyume chake, na wote wawili wakaenda zao wameridhika.

"Ulimi wako huo," baba yake alizoea kumwambia, "ningeufunga mtoni badala ya gurudumu, tungesaga hata mto ukikauka."

Basi majira fulani ya baridi walikuwa msituni wakishusha magogo juu ya theluji, gogo likafyatuka kwenye minyororo, likamkuta Eliakim amesimama anasimulia jambo. Mguu ulivunjika. Ulipopona ulipona vibaya, umepinda kwenye goti, na tangu siku ile akawa anatembea kama mtu anayeshuka ngazi isiyokuwepo. Kubeba magunia kukamshinda. Mama yake alimtazama majuma kadhaa akichechemea humo ndani, akiwafundisha wadogo zake kazi ambazo hakuombwa kuzifundisha, mwisho akamwambia mumewe, "Baba Eliakim, mguu umekataa, lakini mdomo haujavunjika. Mpeleke kwa mzee Ketchum."

Mzee Jonas Ketchum ndiye aliyekuwa wakili pekee vilima vile vyote. Alikuwa na jongo miguuni na ukungu machoni, akahitaji mtu wa kumsomea. Eliakim alikaa naye miaka mitatu, akisoma vitabu vya sheria kwa sauti huku mzee ameweka miguu juu ya mto wa manyoya, akikoroma. Lakini ukiruka mstari mmoja tu, mzee aliacha kukoroma akasema, "Rudia hapo." Kwa njia hiyo kijana aliijua sheria.

Siku ya kuagana, Ketchum alimpa wosia mmoja. "Mwanangu, shahidi akishakupa jibu ulilolitaka, kaa chini. Umenisikia? Kaa chini. Wakili hauawi na maneno ya adui. Anauawa na swali lake mwenyewe."

Eliakim aliitikia kwa heshima zote. Kisha akatoka nje, akausahau wosia kabla hajafika langoni.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Kapteni Gideon Stroud, mwenye nyumba ya wageni ya Corbin. Huyu Gideon alikuwa pande la mtu, ndevu nyekundu, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyewaongoza wanamgambo wa mji katika gwaride, na ndiye aliyewauzia pombe ya tofaa gwaride likiisha. Alikuwa mkarimu, alikuwa mwepesi wa hasira, na mara nyingi alikuwa vyote viwili kwa mtu mmoja ndani ya saa moja.

Kesi yenyewe ilihusu nyuki. Mwezi wa sita, bumba la nyuki liliuhama mzinga wa Mehitabel Crane, binti aliyeishi na mama yake mjane karibu na kanisa. Nyuki walivuka mashamba matatu, wakaning'inia kwenye mtofaa nyuma ya nyumba ya Gideon. Gideon akawatia kwenye mzinga wake. Mehitabel alipowadai, akaambiwa, "Binti, nyuki hawavai shati lenye jina."

Na sheria ilisema hivi: nyuki akiruka si wa mtu, ila kama mwenyewe anamfuata bila kumpoteza. Mehitabel alisema aliwafuata mwendo wote akipiga sufuria, kama desturi ilivyotaka, ili watu wote wajue kwamba nyuki wale wana mwenyewe. Gideon alisema hakukuja mtu yeyote, mpaka jioni ndipo binti alipobisha hodi.

Kesi ilisikilizwa katika chumba cha juu cha nyumba ya Gideon mwenyewe, maana Corbin haikuwa na ukumbi mwingine. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mehitabel hakuwa na wakili. Alisimama peke yake, amejifunga kitambaa kichwani, akaeleza habari yake kwa maneno machache, akakaa. Eliakim, ndani ya koti jipya aliloshonewa na mama yake, akamwita mhunzi Uriah, ambaye siku ile alikuwa uani kwa Gideon akipiga farasi viatu.

"Bwana Uriah, ulimwona dada huyu siku ile?"

"Sikumwona."

Hapo ndipo pa kukaa chini. Mzee Ketchum, aliyekuwa kona ile na miguu yake imefungwa vitambaa, alifumba macho kama mtu anayeomba. Lakini Eliakim alikuwa ameanza kuionja sauti yake mle chumbani, akaiona tamu.

"Kwa hiyo, bwana, ukiwa pale uani saa zote hizo, hukuona wala kusikia lolote?"

"Kuona sikuona," mhunzi akajibu. "Kusikia, nilisikia. Mtu alikuwa anapiga sufuria kutoka kanisani mpaka nyuma ya ukuta. Ndipo Kapteni akaniambia, 'Uriah, funga lango upesi, yule binti Crane anafuata nyuki wake.'"

Kicheko kilichozuka kilimwamsha mtoto wa mtu kule jikoni. Gideon alijifunika uso kwa kofia. Hakimu hakuhitaji hata kutoka nje kufikiri. Nyuki walirudishwa kwa mwenyewe.

Watu walipokuwa wanashuka, Mehitabel alimngoja Eliakim chini ya ngazi. "Bwana Burdick," akasema, bila tabasamu lolote, "mimi sikuwa na uwezo wa kuweka wakili. Nakushukuru sana kwa kunitetea bure."

Eliakim akajitolea kumbebea mzinga mpaka nyumbani, na njiani nyuki mmoja akamdunga kwenye mdomo, ukavimba kama kiazi, akakaa siku mbili bila kusema neno. Watu wa Corbin waliziita siku zile mapumziko.

Mwaka uliofuata walioana. Gideon alikuja harusini na pipa la pombe la kutosha mji mzima, akala mkate wa boga sahani nzima, akamshika bwana harusi begani. "Hebu niambie, wakili," akasema. "Mimi nimepoteza nyuki, wewe umepata mke. Siku ile nani alikuwa mteja wa nani?"

*

Eliakim alijifunza kukaa chini. Haikuwa kwa siku moja, na Hitty, ndivyo alivyomwita mkewe, alimsaidia: kila alipoanza kuhutubia mezani, alimsogezea maharagwe. Kazi ikakua. Mashauri ya mipaka, ng'ombe waliokula mimea ya watu, wosia ulioandikwa na mtu aliyekuwa amelewa. Akishinda mengi, akishindwa machache. Jaji wa kaunti alikuwa bado hana jumba, akikaa mara huku mara kule, na mara nyingi alikaa Corbin, kwenye kile chumba cha juu kwa Gideon. Siku za mahakama Gideon alijaza vitanda, na wengine wakalala sakafuni kwa shukrani.

Ikafika wakati Bunge la jimbo likatangaza kwamba kaunti itajengewa jumba la mahakama, la mawe, la kudumu. Lijengwe Corbin, au lijengwe Lathrop? Lathrop ulikuwa mji wa bondeni, ng'ambo ya mto, na watu wa Corbin waliusema mji ule kama mtu anavyomsema shemeji yake aliyefanikiwa. Mkutano wa mji ukaitwa. Wakamchagua Eliakim kuwa mjumbe wao Bungeni, na wakampa agizo moja tu.

"Ukirudi na jumba," Gideon akamwambia mbele ya wote, "utakunywa kwangu mpaka ufe. Ukirudi bila jumba, kunywa maji ya mto."

"Kapteni," Eliakim akajibu, "anza kusafisha vikombe."

Aliondoka mwezi wa kumi, siku chache tu baada ya kushinda shauri ambalo lilimpa raha. Alikuwa amemtetea mwenye shamba mmoja aliyegombania malisho na mjane wa ng'ambo ya mto, Dorcas Wheelock. Mjane hakutokea mahakamani. Eliakim alisema maneno mazuri, upande wa pili ukawa kimya, na malisho yakaenda kwa mteja wake kabla ya chakula cha mchana.

Mvua za vuli zilikuwa zimeujaza mto. Alipofika kivukoni alikuta mwenye mashua amekataa kuvusha mtu mpaka maji yapungue, na watu wameketi kwenye kibanda chake karibu na moto. Eliakim alimfunga farasi wake, akaingia. Mwanamke mmoja, amempakata mtoto na mwingine amelala kando yake, alikuwa anachoma viazi kwenye majivu. Akamsogezea nafasi, akampa kiazi.

"Unakwenda mbali, bwana?"

"Bungeni. Na wewe, mama?"

"Mimi narudi nyumbani. Nilipofika mtoni wiki iliyopita, nikitoka ng'ambo ile, mto ulikuwa hivihivi. Nilikuwa na kesi Corbin. Nilikaa ule ukingo wa pili na watoto hawa, natazama maji. Siku iliyofuata nikakaa tena. Nilipovuka nikapanda kilima, nikaambiwa kesi imekwisha jana, malisho si yangu." Aligeuza kiazi kwa kijiti. "Nimebaki na ng'ombe wawili, sijui nitawaweka wapi. Nimekaa kwa dada yangu siku chache kutafuta la kufanya, sijaliona. Wanasema wakili wa yule bwana alikuwa na maneno matamu sana. Nani asiyekuwa na maneno matamu akizungumza na kiti kitupu?"

Eliakim aliacha kutafuna. Angeweza kunyamaza. Mashua ingevuka, kila mtu angeshika njia yake, na yule mama asingejua kamwe. Alitazama mguu wake uliopinda, akautazama mto.

"Mama," akasema, "wakili huyo ni mimi."

Mwenye mashua alijifanya anatengeneza kamba. Dorcas Wheelock alimwangalia kwa muda mrefu, kutoka kofia hadi viatu, kisha akachokonoa majivu akatoa kiazi kingine.

"Basi kula, wakili," akamwambia. "Leo angalau unaongea na mtu."

Walikaa pale mpaka kesho yake, wakawa wanazungumza. Eliakim alimuuliza habari ya yale malisho, na safari hii aliuliza kwa sababu hakujua majibu. Aliyoyasikia yalimwonyesha kwamba mama yule, kama angekuwepo, angeshinda. Watu wengine pale kibandani nao wakaleta yao. Huyu alikosa kutoa ushahidi kwa sababu ya barafu. Yule, mtoto wake alinyang'anywa urithi kwa sababu ya tope. Nusu ya kaunti ilikuwa ng'ambo ya mto, na Corbin ilikuwa juu ya kilima, upande usiofaa. Ni jambo alilolijua maisha yake yote. Alikuwa amelitazama tu kutoka juu.

Bungeni, siku ya shauri la jumba ilipofika, wajumbe walijiandaa kwa hotuba ndefu. Sifa za mdomo wa Burdick zilikuwa zimetangulia, na baadhi walikuwa wamekuja na mikate mifukoni. Akasimama. "Waheshimiwa," akasema, "mimi natoka Corbin. Corbin ni mji mzuri, na hewa yake ni safi. Lakini mahakama si mahali pa kuvuta hewa. Jengeni Lathrop, mahali watu wanapofika." Akakaa chini.

Wajumbe wakangoja aendelee. Alipoona hawaamini, akasimama tena akasema, "Nimemaliza," akaketi tena. Kura zikapigwa, Lathrop ikashinda.

*

Habari zilimtangulia nyumbani. Alipopanda kilima cha Corbin aliona moshi uwanjani, akadhani wanachoma majani. Kwa kweli yalikuwa majani. Walikuwa wametengeneza mtu wa nyasi kavu, wakampindisha goti moja, wakamning'iniza kwenye mti mbele ya nyumba ya Gideon, na Gideon mwenyewe ndiye aliyeshika mwenge. Mtu alikuwa anapiga ngoma ya gwaride.

Hitty alikuwa pale pia, amesimama mbele kabisa, mikono kiunoni. Eliakim alifika akichechemea, akasimama karibu naye.

"Bwana Burdick," mkewe akamwambia bila kugeuka, "unaiona ile suruali waliyokuvalisha?"

"Naiona."

"Ni nzuri kuliko yako."

Na kabla moto haujafika kwenye suruali, alitembea mpaka pale mtini, akamvua yule mtu wa nyasi suruali mbele ya wanamgambo wote wa Corbin, akaikung'uta, akaikunja. "Endeleeni, Kapteni," akamwambia Gideon. "Samahani kwa usumbufu." Watu walicheka, hata wale waliokuwa wamekasirika. Gideon hakucheka.

Mwezi wa tisa uliofuata, Corbin ilichagua mjumbe mwingine. Wateja wa mjini wakampungukia Eliakim; walisema afadhali wakili asiyejua sheria lakini anajua kwao. Gideon hakumsalimia tena. Wakikutana njiani, Kapteni alitazama mawingu kama mkulima. Chumba chake cha juu kikawa ghala la vitunguu.

Eliakim alianza na shauri la Dorcas Wheelock. Alimweleza mteja wake wa zamani, waziwazi, kwamba hatasimama naye tena, kisha akaiomba mahakama imsikilize mama aliyekosa nafasi yake kwa sababu ya mto, na akampata wakili mwingine wa kumtetea, maana mwenyewe hakustahili kukaa pande zote mbili. Siku ile Dorcas alikuwepo. Malisho yakarudi.

Baada ya hapo watu wa ng'ambo walianza kumjia. Walikuja na mashauri, wakaja na jibini na nyama ya kukaushwa pale walipokuwa hawana kingine, na miaka miwili mitatu ikapita hivyo. Jaji wa kaunti alipostaafu, wajumbe wa upande wa Lathrop wakalitaja jina la Burdick Bungeni. Mjumbe wa Corbin peke yake ndiye aliyepinga, na alipoulizwa sababu akasema, "Ni mtu asiyetabirika." Wakampa Burdick ujaji.

Kwa desturi ya jimbo lile, jaji hakukaa peke yake. Alikaa katikati, na kushoto na kulia walikaa raia wawili wasiosomea sheria, wenye haki ya kumpinga. Mmoja wa hao wawili alikuwa Enoch Tisdale, mfuga kondoo, mzee mkavu aliyechonga vijiti wakati wote wa kesi. Mwenzake hakusema kitu kwa miaka yote, ila "Nakubaliana na Enoch."

"Jaji," Enoch alimwambia siku ya kwanza, "wewe sema sheria. Sisi tutasema kama ina akili."

*

Kesi iliyomletea Eliakim jasho kuliko zote ilikuja mwaka wa nne wa ujaji wake. Nyumba ya wageni ya Lathrop, mpya, iliyojengwa kando ya jumba la mahakama, ile iliyochukua wageni wote wa Gideon Stroud, iliungua mpaka msingi. Hakufa mtu. Lakini siku ile ya moto Gideon alikuwa Lathrop, alikuwa amelewa, na alikuwa amesema mbele ya watu kwamba nyumba ile ingefaa zaidi ikiwa majivu. Wakamkamata.

Alipoingizwa ukumbini, ndevu zake nyekundu zimeingia mvi, wakili wake alisimama akaomba Jaji Burdick ajitoe, kwa kuwa mshitakiwa aliwahi kumkosea. Eliakim alikuwa tayari kukubali. Moyoni alitamani kukubali.

"Kaa chini, wewe," Gideon akamwambia wakili wake. "Mimi nimemjua huyu tangu akiwa anaongea na magunia. Anihukumu."

"Una hakika, Kapteni?" Eliakim akauliza.

"Sina. Lakini jaji mwingine simjui kabisa."

Raia kumi na wawili, ambao ndio wangeamua kama ana hatia, wakaketi kusikiliza. Mwendesha mashitaka, kijana mwenye kola ndefu, alieleza maneno ya ulevi, kisha akatabasamu. "Na si mara ya kwanza mtu huyu kupenda moto," akasema. "Kaunti nzima inakumbuka alivyomchoma mtu wa nyasi, na inakumbuka mtu huyo alikuwa mfano wa nani."

Macho yote yakamgeukia jaji. Aliikumbuka ile ngoma. Aliikumbuka miaka ile ya kutazamiwa mawingu. Pembeni yake kisu cha Enoch kilikuwa kimesimama kwenye kijiti.

"Mtu yule wa nyasi," Eliakim akasema polepole, "namfahamu vizuri. Hakuwa nyumba, hakuwa na mlango wala paa, na hakuna mgeni aliyelala ndani yake. Kumchoma hakukuwa kosa katika jimbo hili; kulikuwa maoni. Ninyi kumi na wawili, sahauni mlichosikia hivi punde. Shahidi anayefuata."

"Hiyo ina akili," Enoch akanong'ona, akaendelea kuchonga.

Shahidi aliyefuata alikuwa mpishi wa ile nyumba iliyoungua, na kadiri alivyoulizwa ndivyo alivyozidi kupinda kofia yake mikononi. Mwendesha mashitaka alikuwa amekwishapata alichotaka, kwamba Gideon alionekana uani, lakini akataka utamu zaidi.

"Na hukuona mtu mwingine yeyote akishika moto siku ile?"

Eliakim alifumba macho. Alijua kinachokuja, kama mzee Ketchum alivyojua zamani zile.

"Mtu mwingine, hapana," mpishi akasema. "Ni mimi tu. Niliondoa majivu ya jikoni, nikayaweka kwenye ndoo ya mbao, nikaiacha ndoo ghalani karibu na majani makavu. Tajiri alinikataza nisiseme." Kisha akaanza kulia. "Niliyadhani yamepoa."

Wale kumi na wawili hawakuchelewa. Gideon akawa huru kabla jua halijatoka kwenye dirisha la ukumbi.

Alimfuata jaji hadi alipokuwa anamfungua farasi wake. Akasimama upande wa pili wa mnyama yule, anamsugua shingo. "Burdick," akasema, "kulikuwa na nafasi ya kunimaliza pale."

"Kulikuwepo."

"Kwa nini hukunimaliza?"

"Nilitaka sana uwe na hatia, Kapteni," Eliakim akamjibu. "Mtu akitaka kitu namna hiyo, hapaswi kujiamini hata kidogo. Nikajiwekea ulinzi."

Gideon aliwaza hilo. "Unapanda kilima leo?"

"Napanda."

"Basi twende. Ule mguu wako ukizidiwa, mimi bado nina mgongo."

Walipanda pamoja, mmoja juu ya farasi na mwingine kando yake kwa miguu, wakibishana mwendo wote juu ya jumba la mahakama. Gideon hakukubali hadi kufa kwake kwamba lilijengwa mahali panapofaa.

*

Eliakim Burdick alikaa kwenye kile kiti miaka mingi. Binti yake aliolewa Lathrop, jambo ambalo Corbin ilimsamehe. Kijana wake alirudi kwenye kinu cha babu. Enoch alikufa, na yule aliyekuwa akikubaliana naye akalazimika kuwa na maoni yake, yakaonekana kuwa mazuri. Masikio ya jaji yalipoanza kuziba, akaandika barua ya kujiuzulu mwenyewe, bila kungoja kusukumwa. "Siwezi kuhukumu minong'ono ambayo siisikii," akasema, akarudi nyumbani kwa Hitty, akapanda viazi.

Mwezi wa tatu ulipofika, Corbin ilifanya mkutano wake wa mwaka kanisani, kama ilivyofanya tangu mwanzo, wa kugawa kazi za mji: nani atengeneze barabara, nani aangalie nyua za mashamba. Kazi ya chini kuliko zote ilikuwa ya mkamata nguruwe, mtu wa kuwafukuza nguruwe waliotoroka na kuwafungia zizini mpaka wenyewe waje kuwaomba. Walizoea kumpa bwana harusi mpya, kwa mzaha.

"Napendekeza," sauti ya kuita ng'ombe ikasikika kutoka nyuma, imepungua nguvu lakini ni ileile, "Jaji Eliakim Burdick."

Kanisa zima likaangua kicheko, mikono ikapaa juu yote. Hitty alimgusa mumewe kiwiko na kumpigia kelele sikioni kumweleza alichochaguliwa. Mzee akasimama akishikilia benchi. Wengine waliogopa kwamba amekasirika.

"Nitaapa," akasema. "Ila nawaonya, sijawahi kushika kazi nikaifanya nusu."

Hakufanya utani. Kabla ya theluji yote kuyeyuka alikuwa amemkamata nguruwe jike mkubwa, mwenye madoa, katika bustani ya mchungaji, akiwa amekula kabichi zote za akiba. Alimfunga kamba mguuni akamvuta mpaka zizini, akichechemea mbele, nguruwe akigoma nyuma, watoto wakishangilia pande zote mbili za barabara. Mwenyewe akaja kumdai mchana ule ule.

"Mfungulie nguruwe wangu, Burdick."

"Kwanza thibitisha kwamba ni wako, Kapteni."

"Unamjua huyo nguruwe! Ulimla mama yake Krismasi iliyopita!"

"Sikuulizwa ninachojua," jaji akasema, akitega sikio kwa kiganja na kuegemea lango la zizi. "Lete shahidi."

Gideon alikwenda, akirusha mikono na kunung'unika peke yake, kumtafuta mhunzi Uriah.